Bourbon inanuka spiriti tupu: tafuta kosa nyumbani kabla ya kulaumu chupa

Bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, ikishatiwa kwenye chupa, kazi ya kiwanda imekwisha. Haikomai tena. Ya miaka sita itabaki ya miaka sita hata ikae kabatini Tudor, hapa Mombasa, mpaka wajukuu waje. Basi ukiimimina nyumbani uionje na kuiandikia alama, ukakuta inachoma pua, au haina harufu, au inakumbusha sabuni ya vyombo, na mwenzako wa Nyali aliyenunua aina hiyo hiyo anaisifu, usikimbilie kusema kiwanda kimeharibu. Mara nyingi kosa liko baina ya kizibo na ulimi wako: joto la chumba, glasi, hewa ya nyumba, maji, na ulichokula jioni hiyo. Mimi hukagua hayo kwanza, chupa naiacha mwisho. Lipo jambo moja tu la kukaguliwa kabla kizibo hakijaguswa, nalo ndilo naanza nalo.

Bei ni ya kushangaza na muuzaji ana haraka

Kila chupa ya pombe kali inayouzwa Kenya kihalali hubandikwa stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. KRA wana programu ya simu, Soma Label, inayosoma stempu hiyo na kukuambia ni ya bidhaa gani. Ikikuambia ni ya kinywaji kingine na wewe mkononi umeshika bourbon, irudishe hapo hapo. Tazama pia kizibo kama kimewahi kufunguliwa, lebo kama imekaa kombo, na chupa mbili za aina moja kama zimejazwa usawa mmoja.

Usijaribu kubaini chupa bandia kwa kuonja. Methanoli, ile sumu inayopofusha na kuua, haina harufu ya kukutahadharisha. Inafanana mno na alkoholi ya kawaida. Dalili zake huweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Mtu akianza kuona ukungu, kutapika au kuumwa na kichwa kisicho cha kawaida kesho yake, si suala la supu na kulala. Ni hospitali, tena mara moja.

Wamarekani wenyewe waliishi na balaa hili katika karne ya 19. Wafanyabiashara walikuwa wakichukua spiriti mbichi, wakaitia rangi na vikolezo, wakaiuza kwa jina la wiski. Dawa yao ilikuwa sheria ya mwaka 1897, na maneno yake, "Bottled in Bond", bado yanaandikwa kwenye lebo. Ukiyaona, jua wiski hiyo imetoka kiwanda kimoja na msimu mmoja wa upishi, imekaa kwenye pipa si chini ya miaka 4 katika ghala lililo chini ya serikali, na imetiwa chupani ikiwa na alkoholi asilimia 50 kamili.

Pua inachoma, nasikia spiriti ya hospitali tu

Hili ndilo lalamiko la kwanza la Mombasa, na sababu yake kubwa ni hali ya hewa. Wajuzi wa nje husema wiski ionjwe kwa joto la chumbani. Chumba wanachokifikiria kina nyuzi 18 au 20. Chumba cha Bamburi wakati wa kaskazi kina nyuzi 30 na kitu, na usiku hakipoi. Alkoholi huruka upesi kuliko maji, na joto likizidi huruka zaidi. Inajaa kwenye glasi, pua inapigwa na mvuke wake na kufa ganzi, na zile harufu nyororo ulizozilipia zinapita bila kusikika.

Tiba si barafu ndani ya glasi. Barafu inapoza kupita kiasi, inafunga harufu, na inaendelea kuzimua kinywaji wakati wewe unaandika, kwa hiyo unachokionja mwisho si kile ulichokionja mwanzo. Anayekunywa kwa raha ale barafu yake kwa amani, anayepima aiache. Chukua sufuria, tia maji na vipande vichache vya barafu, isimamishe chupa humo dakika kumi. Ukiishika iwe ya kupoa tu, isifikie ubaridi wa soda. Msimu wa kusi, Julai na Agosti, huenda usihitaji hata hilo.

Sababu ya pili ni glasi. Ile glasi maarufu ya wiski iitwayo Glencairn, yenye kitumbo kipana na mdomo uliobanwa, ilitoka Uskoti mwaka 2001, na imeshika dunia kwa sababu inakusanya harufu. Ila inakusanya kila kitu, na alkoholi haikuachwa nje. Kwenye joto letu mdomo ule mwembamba unaweza kuwa bomba la mvuke. Kwa maoni yangu, kama chumba hakina eyasii (kiyoyozi), glasi ndogo ya divai yenye mdomo mpana kiasi inafaa zaidi kwa bourbon yenye nguvu, na Glencairn ibaki kwa zile za asilimia 40 hadi 45. Glasi pana ya kunywea sharubati haifai kabisa. Harufu inakimbia kabla hujainama.

Sababu ya tatu ni wewe unavyonusa. Anayeonja divai huizungusha glasi kwa mbwembwe. Ukiizungusha bourbon unaamsha alkoholi. Iache itulie dakika kumi baada ya kumimina. Kisha ilete glasi usawa wa kidevu, fumbua mdomo kidogo, vuta pumzi fupi. Pandisha mpaka mdomoni, vuta tena. Harufu nyingi za matunda na sukari utazikuta kwenye ukingo wa juu wa glasi, na zile za mbao na spiriti zitakuwa zimelala chini. Ukitumbukiza pua mpaka kwenye kinywaji umejitakia.

Nne, soma lebo. Jim Beam ya lebo nyeupe ina asilimia 40. Maker's Mark 45. Wild Turkey 101 ina 50.5, na hiyo 101 ni prufu, kipimo cha Kimarekani ambacho ni asilimia mara mbili. Ziko zinazotoka kwenye pipa bila kuzimuliwa na kupita 60. Pua iliyozoea ya 40 ikikutana na hiyo bila maji, haina budi kulia.

Na feni. Feni ya darini ikiwa juu ya meza, kile kilichopanda kutoka kwenye glasi kinakwenda kwa jirani. Izime wakati wa kunusa, washa ukimaliza. Ndiyo, utatoka jasho.

Jamaa kanusa akasema: "Bwana, hii ni dawa ya kutolea rangi ya kucha!"

Hakusema uongo. Ni kemikali iitwayo ethili asetati, inayotokea yenyewe wakati wa kuchachua, na ndiyo inayotumika pia kwenye dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha. Ikiwa kidogo huleta utamu wa tunda. Joto likiikuza inashika chumba. Sana sana utaisikia kwenye bourbon changa. Iache glasi wazi robo saa. Ikibaki vile vile, basi hiyo ndiyo tabia ya wiski hiyo, andika hivyo bila haya.

Harufu ipo, lakini si ya bourbon

Nyumba ya Mombasa haikosi harufu. Kuna udi wa Ijumaa ulioshika mapazia, ubani, asmini kwenye kikapu, dawa ya mbu ya kuchoma, samaki aliyekaangwa mchana, na viungo vya pilau ya ghorofa ya chini. Pua ikikaa ndani yake nusu saa haivisikii tena, ndiyo maana mtu huapa kwamba chumba hakina harufu huku akiandika "moshi na maua" kwa kila chupa. Toka nje hadi barabarani, rudi, na uvute pumzi ya kwanza mlangoni. Ulichokisikia ndicho kitakachoingia kwenye alama zako.

Wakati mzuri ni asubuhi, kabla jiko halijawashwa, na pua bado haijachoka. Najua watu watacheka kusikia wiski saa nne asubuhi, lakini kuonja si kulewa; unatema. Isitoshe si ungwana kuketi barazani na chupa wakati majirani wengi hawaigusi, na Ramadhani hata dirisha lifungwe. Kuonja kwa makini ni kazi ya ndani.

Halafu glasi yenyewe. Jaribio lake ni jepesi: chukua glasi tupu, kavu, pumua ndani yake pumzi ya joto, unuse papo hapo. Ile hewa ya joto inaamsha kilichojificha. Utasikia limau la sabuni ya vyombo, au uvundo wa kitambaa cha kufutia, au nafthalini ya kabatini. Hii ya mwisho ni ugonjwa wetu hasa, kwa sababu glasi za wageni tunaziweka kabati moja na mashuka. Na kama nyumba yenu hutumia maji ya kisima, utaona doa jeupe kama vumbi kwenye ukingo: ni chumvi na chokaa, na ulimi utaifikia kabla ya bourbon. Suuza kwa maji moto bila sabuni, malizia kwa maji ya chupa, isimamishe wima ikauke yenyewe. Ukiifudikiza juu ya kitambaa inafunika hewa ya kitambaa.

Kila chupa ni vanila na karameli, sioni tofauti

Hapa pua haina kosa lolote. Sheria ya Marekani inataka bourbon ipikwe kwa nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikenekwe isipite asilimia 80 ya alkoholi, iingie kwenye pipa isizidi 62.5, na pipa liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani kwa moto. Rangi na vikolezo haviruhusiwi. Pipa jipya lililochomwa ndilo linalotoa vanila na karameli, na kila bourbon duniani imepita humo. Kwa hiyo kuandika "nimesikia vanila" kwenye tathmini ya bourbon hakumsaidii msomaji hata kidogo. Ni kama kumwambia kwamba samaki wa Kongowea alitoka majini. Vanila iweke kando, uulize: nyuma yake kuna nini?

Tofauti inatoka kwenye nafaka ya pili, hamira, umri na nguvu. Njia rahisi ya kuisikia ni kuweka pamoja Maker's Mark na Bulleit. Zote mbili hutiwa chupani kwa asilimia 45, hivyo nguvu haitakudanganya; hakikisha tu kwenye lebo. Maker's, mbali na mahindi asilimia 70, ina ngano 16. Bulleit ina mahindi 68 na rai 28. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano, ila ina ukali. Onja ya ngano kwanza: laini, mkate, asali, inakaa mbele ya ulimi. Kisha ya rai: inakwaruza, pilipili manga, na ladha yake inarudi puani baada ya kumeza. Ukishaisikia tofauti hiyo mara moja, haitakupotea.

Sababu nyingine ya kutoona tofauti ni kutafuta vitu usivyovijua. Mtu amezaliwa Kizingo, hajawahi kula cheri mbichi wala sharubati ya mti wa mepo (maple), lakini anaandika cheri na mepo kwa kuwa ameyaona kwa Wamarekani. Pua haiwezi kukumbuka isichokutana nacho. Nenda sokoni Marikiti, ununue karafuu, mdalasini, kungumanga, pilipili manga na kijiti cha vanila ukikipata. Zitie kila moja kwenye kikombe chake cha kahawa, nyunyiza maji ya uvuguvugu, funika kwa kisahani. Nusa karafuu, pumzika, nusa bourbon. Rudi kwa kungumanga, nusa bourbon tena.

Na si kujipa moyo. Harufu ya karafuu ni eujenoli, na mwaloni uliochomwa hutoa eujenoli hiyo hiyo. Vanilini ya kijiti cha vanila ndiyo vanilini inayotoka kwenye mbao wakati moto unapovunja lignini yake, ile gundi ya mti. Mwaloni mweupe wa Marekani una laktoni inayonuka nazi, hivyo ukisikia kashata kwenye bourbon, hujaota. Ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa meusi, ni esta, kemikali ya harufu inayotengenezwa na hamira. Tuna akiba kubwa ya maneno hapa pwani na hatuitumii: sukari guru, halua, tende, kaimati zilizotoka kwenye shira, njugu za kukaanga, mahindi ya kuchoma, ngozi ya makubadhi mapya. Mtu akiniandikia kwamba wiski fulani ni halua iliyotiwa kungumanga, kisha ikaishia kwenye makubadhi, najua kabisa anakusudia nini, na najua kama nitainunua.

Nikitia maji inaharibika

Inategemea maji gani na kiasi gani. Maji ya mfereji, siku yakija, yana klorini, na klorini inavamia harufu nyembamba. Ya kisima yana chumvi. Ya boza au mkokoteni hujui yamelala kwenye mtungi gani. Tumia maji ya chupa yenye madini machache, na yawe na joto sawa na kinywaji.

Kiasi ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu hukisia kwa jicho. Nunua sirinji ya dawa ya watoto kwenye duka la dawa, ina alama za mililita. Mililita 20 za bourbon ya asilimia 50.5 zikiongezwa mililita 2.5 za maji zinashuka karibu na 45. Zikiongezwa 5, kijiko kimoja cha chai, zinafika kama 40. Ya asilimia 62 inataka mililita saba na nusu kufika 45. Tia kidogo, ngoja dakika mbili, nusa, ndipo uamue kuongeza. Ya asilimia 40 isiguswe na maji, imeshazimuliwa kiwandani. Hiyo ndiyo inayoharibika.

Maji yana kazi yake kweli. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba molekuli ya guayakoli, moja ya zile za harufu ya wiski, hukaa karibu na uso wa kinywaji alkoholi ikiwa chini, na alkoholi ikiwa nyingi mno huzama ndani. Kwa hiyo kuzimua si kudhoofisha tu. Kuna harufu zinazopanda juu.

Kama baada ya maji au friji kinywaji kimefanya ukungu, usikimwage. Ni esta za mafuta ambazo kiwanda hakikuzichuja kwa baridi. Hazina madhara, na wengine tunazifurahia kwa uzito wake mdomoni.

Mdomo unakauka, uchungu unabaki

Ni tanini za mbao. Pipa la bourbon ni jipya kila mara, tofauti na la wiski ya Uskoti ambalo aghalabu limeshatumika, kwa hiyo linatoa mbao upesi na nyingi. Ndiyo sababu bourbon ya miaka 12 huhesabika mzee, na ya miaka 18 au 20 yaweza kuwa na uchungu wa chai ya rangi iliyosahaulika birikani. Umri mkubwa kwenye lebo si daraja ya ubora. Kama unapenda utamu, kaa kati ya miaka 4 na 9, na mfuko utakushukuru.

Lakini kabla ya kulaumu pipa, taja ulichokula. Achari, ukwaju, mishikaki yenye pilipili, kahawa chungu ya tangawizi: kila kimoja kinabadilisha ulimi kwa saa nzima. Miraa na muguka ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zina tanini zake zenyewe na zinaukausha mdomo kabla hata hujamimina. Sigara sizungumzii. Kula kipande cha boflo kavu, kunywa maji, subiri. Mahamri yasikudanganye, iliki yake inakaa mdomoni kuliko bourbon yenyewe.

Funda la kwanza kali, la pili tamu

Kawaida. Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo. Lizungushe, liteme, usiliandikie chochote.

Jana ilikuwa tamu, leo haina kitu

Mafua, usingizi mchache, dawa ya meno ya mnanaa, au umekunywa baada ya kuogelea na pua bado ina maji ya bahari. Ahirisha. Ikirudia siku tatu mbalimbali ndipo uitilie chupa shaka.

Nilinunua bourbon, mbona ladha ni nyingine?

Tazama kama ni bourbon. Jack Daniel's, ambayo hapa kwetu kila mtu huiita bourbon, lebo yake inasema Tennessee Whiskey: huchujwa kwa makaa ya mti wa mepo kabla ya kuingia kwenye pipa, na wenyewe hawaiuzi kama bourbon. Kinyume chake, bourbon si lazima itoke Kentucky. Jimbo lolote la Marekani lina haki, na mwaka 1964 Bunge lao lilitangaza kuwa ni kinywaji cha nchi hiyo peke yake. Neno "Straight" maana yake imekaa kwenye pipa angalau miaka 2, na ikiwa haijafika 4 lazima umri uandikwe. "Sour Mash" haimaanishi chachu mdomoni. Ni kutia masalia ya upishi uliopita kwenye mpya ili kudhibiti uchachu, na karibu viwanda vyote vikubwa hufanya hivyo. Chupa ikiwa na asali au ladha ya tufaha, hiyo ni habari nyingine, usiipime kwa mizani hii.

Alama zangu zinapanda kadiri jioni inavyokwenda

Bila shaka. Glasi ya tano haijawahi kupata alama ndogo. Weka mwisho wa sampuli tatu kwa kikao, mililita 15 kila moja, anza na yenye nguvu ndogo, na tema kwenye bilauri pembeni. Aliyekuja na gari ateme zote, na hata akitema zote arudi na mwingine. Kiasi fulani hupita mdomoni.

Ugonjwa mwingine wa alama ni jina. Chupa iliyoletwa na shemeji kutoka Dubai, yenye sanduku na farasi kiziboni, itapata tisa hata ikiwa na ladha ya kabati. Mwombe mtu wa nyumbani amimine kwenye vikombe vya kahawa vilivyoandikwa herufi chini yake. Kikombe cha kaure kinaficha rangi, na rangi ndiyo tapeli mkubwa: bourbon iliyokoza weusi tunaihukumu kuwa tamu kabla ya kunusa. Mwambie vikombe viwili kati ya vitatu atie kinywaji kimoja. Ukishindwa kutambua kipi ni tofauti, basi zile alama za saba na nusu na nane kasorobo hazina maana, andika tu "zinafanana".

Mimi alama za tarakimu siziamini sana. Maswali mawili yananitosha: ningeinunua tena kwa pesa zangu, na ningempa nani? Ila anayependa nambari aandike pia tarehe, joto la chumba, glasi aliyotumia, na chupa ilikuwa imebaki kiasi gani. Bila hayo, nambari ya Februari haiwezi kulinganishwa na ya Agosti.

Chupa iliyofunguliwa imepooza

Bourbon haiozi, lakini hewa inaila polepole. Chupa iliyojaa na kufungwa vizuri hukaa muda mrefu bila kubadilika. Ikifika robo, robo tatu ya chupa ni hewa, na kila ukifungua unaingiza hewa mpya na kutoa harufu. Joto la Mombasa linaharakisha kazi hiyo, na chumvi na unyevu wa bahari vinakula lebo na vifuniko vya chuma.

Iweke wima. Divai hulazwa, wiski hailazwi, maana alkoholi kali inakitafuna kizibo cha gome. Iwe mbali na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha rangi na kuvuruga ladha, na mbali na jiko. Juu ya friji, mahali tunapopapenda sote, ni pabaya kuliko pote: joto la mashine linapanda hapo usiku na mchana. Chini ya kitanda, kwenye sanduku lake, ni bora zaidi.

Ikifika theluthi, hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo ijae mpaka shingoni. Chupa ya robo iliyooshwa mpaka ikapoteza harufu yake inafaa, ya plastiki haifai. Bandika karatasi yenye jina na tarehe, na uiweke mbali na watoto, kwa kuwa chupa isiyo na lebo ni hatari nyumbani. Kizibo kikikatika wakati wa kufungua, na kwa joto hili vinakatika, mimina yote kupitia kichujio cha chai kilicho safi, kisha tumia kizibo cha chupa nyingine uliyoimaliza. Ndiyo maana vizibo vya zamani havitupwi.